Mchoro Ambao Haukushuka Kilimani

Barua zote zilianza namna moja. Mgeni aliandika kutoka nchi ya mbali, akajitambulisha kuwa mpenzi wa mapango, akataja nchi alizokwisha kutambaa chini yake, kisha akauliza: je, kwenu kuna usalama? Kazi yangu ilikuwa kujibu swali hilo. Niliifanya wakati wa vita, Masisi na Walikale, huku mashariki mwa Kongo. Siku hizi ninyi vijana mnanifuata nyumbani mkitaka kuanza kazi hiyohiyo, kwa hiyo nawaandikia mara moja, ili mkija tena tuzungumze mambo mengine.

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilitoka chuoni na shahada ya jiografia na woga wa kuwatosha watu watano. Kabla ya kuvuka barabara pale Goma nilifikiria pikipiki itatokea wapi, na nikishavuka nilijiuliza kama nilikuwa na haja ya kuvuka. Kazi za ofisini hazikuwepo. Aliyenichukua ni Papa Kasereka, mfanyabiashara, mtu wa Butembo, asiyekosa misa ya asubuhi. Alikuwa na duka mjini, na gari lake aliliendesha mwenyewe, akipandisha sabuni na chumvi milimani na kushusha maharage na jibini. Wageni wa mapango walikuwa mzigo wa ziada. Aliniambia alikuwa anatafuta mtu mwoga, kwa sababu majasiri wawili aliowaajiri kabla yangu walimrudishia gari lenye matundu.

Basi shikeni hili kwanza: msiulize kama kuna usalama. Kwetu ukimuuliza mtu, "Usalama iko?" atakujibu, "Iko kidogo," hata kama nyuma ya nyumba yake kunaungua. Hasemi uongo. Ni adabu, na zaidi ya adabu, hajui wewe ni nani wala jibu lake utalipeleka kwa nani. Mimi mwenyewe nilichukua mwaka mzima kuelewa hivyo. Nilikuwa nikiuliza watu kumi, napata "iko kidogo" kumi, narudi nyumbani na kukaa kitandani nikizijumlisha.

Papa Kasereka hakuuliza mtu. Alibonyeza jibini.

Jibini la Masisi mnalijua, yale magurudumu ya njano. Hukaa rafuni wiki kadhaa mpaka likaze, ndipo lishuke mjini. Lakini mwenye ng'ombe wa Kirolirwe akihisi mambo yanaharibika hangoji likaze. Analiuza likiwa changa, kwa sababu haamini wiki ijayo. Kwa hiyo kila mzigo ulipofika, Papa Kasereka alishika gurudumu moja na kulibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikikataa kuingia, tulipanga safari. Kikizama, alinitazama tu nami nilikwenda kuwaandikia wageni kwamba mvua ni nyingi.

"Muntu iko na upande," aliniambia. "Jibini haina upande."

Nilijifunza mengine polepole. Ng'ombe wakiondolewa kwenye majani mazuri na kupelekwa kwenye majani mabaya, mchungaji anajua kitu. Wanawake wakivuna maharage ambayo maganda yake bado mabichi, geuza gari. Na gari lenyewe, kila mnapofika mahali, ligeuzeni lielekee mlikotoka kabla hamjasalimia mtu. Wageni walidhani ni desturi ya kidini. Mmoja alipiga picha.

Kosa langu kubwa la mwanzo nililifanya njia ya Mpofi, kule Walikale. Nilikuwa na daftari. Msomi bila daftari ni nani? Humo niliandika kila kitu kinachohusu usalama: bariere ya kwanza, yaani kizuizi cha barabarani, ina watu watano, ya pili ina watu tisa na bunduki kubwa moja, mkuu wao anapenda sigara, kwenye daraja hakuna mtu. Nilidhani nawalinda wageni wa safari ijayo. Kwenye bariere ya tatu kijana mwenye silaha aliniomba daftari kwa upole, akaanza kulisoma kwa sauti. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba hajui kusoma. Alisoma vizuri, na Kifaransa chake kilikuwa bora kuliko changu. Kuna mahali alinirekebisha kitenzi.

Alipofunga daftari aliuliza ninamwandikia nani. Papa Kasereka alitoa kichwa dirishani, akasema, "Huyu iko mwalimu tu, mukubwa. Anaandika woga yake."

Yule kijana alicheka mpaka akaweka bunduki begani. Kisha alichana kurasa nne, akanipa. "Kula woga yako," alisema. Nikala. Karatasi ya daftari la shule ni ngumu kuliko mnavyodhani. Wino ndio unaoteremka kwa urahisi. Njia nzima ya kurudi Papa Kasereka aliniuliza kama nimeshiba. Tangu siku ile sikuandika kitu njiani.

Sasa nifike kwa Henrik na Marta, maana habari zao ndizo nilizotaka kuwaeleza.

Walikuwa mume na mke, watu wa makamo, wenye Kifaransa cha kutosha na barua nyingi sana. Kila barua ilikuwa na maswali ya usalama ambayo hata mimi sikuwa nimeyawaza, na nilianza kuwapenda kwa sababu hiyo. Je, hospitali ya karibu iko umbali gani? Je, mtu akivunjika mguu chini ya ardhi, nani atambeba? Njia ikifungwa nyuma yetu, kuna nyingine? Nilijibu kila swali. Jibini lilikuwa gumu mwezi mzima. Nikawaandikia: njooni.

Walikuja na kamba, kofia ngumu, taa za kichwani, dira, utepe wa kupimia, na karatasi moja ya zamani. Karatasi hiyo Henrik aliipata kwa mzee wa kwao aliyewahi kuwa na shamba la chai Masisi kabla sisi hatujazaliwa. Ilikuwa na kilima juu ya Burungu na nukta moja, na pembeni ya nukta neno "pango". Nilipoiona nilianza kuwashuku. Mtu aliye na mapango kwao apande ndege tatu kuja kutazama shimo letu, katikati ya vita? Hawa wanatafuta madini, niliwaza. Walipokuwa wanakunywa chai nilichungulia mizigo yao. Nilikuta soksi, nyingi mno, na hizo nazo nikazishuku.

Kule Burungu kapita, yaani mkuu wa kijiji, alitupokea, akasoma ruhusa yetu yenye muhuri wa mjini, akairudisha. Alisema tu, "Hapa hakuna pango. Iko mashimo ya panya." Henrik alimwonyesha karatasi na kumweleza ilikotoka. Kapita aliitazama muda mrefu kuliko ruhusa, kisha akasema labda yule mzee wa chai alikuwa mlevi. Watu waliokuwa karibu hawakucheka. Jambo lililonitisha ni kwamba hakuna aliyetuuliza swali. Kijiji kinachopokea wazungu wawili na kamba bila kuuliza hata wanakula nini kinajua tayari kinachotaka kujua.

"Papa, tuondoke," nilimwambia Papa Kasereka.

"Jibini ni ngumu," alijibu, lakini nilimwona anageuza gari mara ya pili, ingawa lilikuwa limekwisha geuzwa.

Kwa ile karatasi, Henrik alifika kwenye mdomo wa pango kabla ya jua kuwa kali. Ulikuwa umefunikwa na majani marefu. Nilipoyashika niliona yamesukwa pamoja, ili mtu akipita yarudi mahali pake na kufunga. Chini kidogo mwanamke alikuwa anapalilia shamba la maharage. Nilimtazama vizuri, kwa sababu shamba lile lilikuwa limekwisha kupaliliwa. Hapakuwa na gugu hata moja. Jembe lilipanda na kushuka, na macho yake yalikuwa juu yetu.

Kwa wale ambao hamjaingia pango la milima yetu ya moto: si pango la kuteremka na kamba. Moto ulipita zamani chini ya ardhi kama mto, ukaisha, ukaacha mfereji wenye paa la mawe. Mnatembea wima, halafu mnainama, halafu tumbo. Kupima ni kazi ya watu watatu. Mimi nilishika ncha ya utepe, Henrik akasoma dira, Marta akachora. Mchoro wake ulikuwa mzuri, kila kona na kila jiwe, na mahali paa lilipokuwa na nyufa aliweka mistari midogo kama nywele.

Tulikuta madumu ya maji, yamejaa. Tulikuta mikeka iliyokunjwa, na meko yenye jivu. Ndani zaidi, kwenye chumba kipana, mfuko ulining'inia kwa kamba ili panya wasiufikie. Nilijua papo hapo ni risasi. Nilijua na nani aliziweka, na kwamba yule mwanamke wa jembe ni mlinzi wao, na kwamba sisi wote wanne tutakufa kwa sababu tulibonyeza jibini vibaya. Niliingiza mkono kwa ujasiri wa mtu aliyekwisha kufa. Ulitoka na maharage, mekundu, yaliyochaguliwa moja moja na kuchanganywa na jivu dhidi ya bungua. Yalikuwa mbegu.

Nilikaa chini. Mtu anayeficha chakula anaogopa njaa ya wiki hii. Aliyeficha mbegu alikuwa amepanga kutoka humo akiwa hai, na kulima.

Mwisho wa mfereji kulikuwa na mdomo wa pili. Ulitokea upande mwingine wa kilima, ndani ya migomba, mdogo kiasi kwamba mtu anatoka kwa viwiko. Ukisimama hatua tatu kutoka hapo huuoni. Marta alifurahi sana. Aliutia kwenye mchoro kwa wino mzito.

Siku ya pili nilimfuata yule mwanamke shambani. Aliitwa Mama Riziki, ndugu wa kapita. Nilimuuliza kwa nini anatufuata.

"Mimi nakufuata?" alisema. "Iko wewe njo uko mu shamba yangu, kaka."

Nilimwomba radhi, maana kweli nilikuwa shambani mwake. Aliendelea kulima mahali pasipo na kitu, kisha akauliza yule mama mzungu anaandika nini. Nikamweleza kwamba ni picha ya pango. Akauliza kama mlango wa nyuma umo. Niligeuza macho kilimani, naye akaacha jembe.

"Mulipita bariere kule chini," alisema. "Na mukirudi mutapita tena ileile. Ile pango, unazani tunaikimbilia juu ya nani? Ni wale wa bariere. Na wenye watakuja kisha wale. Mulango ya mbele wanaweza kujua, si mubaya sana. Lakini wakijua ya nyuma, watatungojea pale, tutatoka mumoja mumoja kama panya."

Nilisema wageni ni watu wazuri, hawana upande.

"Sikusema wako wabaya. Wazungu yako wakipata mambo mubaya, ndege itakuja kuwabeba. Siye tutabebwa na nini?"

Hata hapo nilimshuku. Nilifikiri labda anataka mchoro auuze. Labda kapita amemtuma kunipima. Niliyazungusha hayo mpaka nikafika kwenye gari, na huko nikaanza kuyazungusha upya upande wa pili: nikiwaambia wageni waache mchoro, watalalamika kwa Papa Kasereka, nami nitarudi kukaa nyumbani na shahada yangu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimepima kila hatari inayoweza kuwafikia Henrik na Marta, hadi kuumwa na popo. Hatari ambayo wao wangeweza kuiacha nyuma yao sikuwa nimeipa hata mstari mmoja wa barua.

Niliwaambia. Henrik alinisikiliza vizuri, kisha akasema mchoro unakwenda kwao, kwa wenzao wa mapango, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Nani huku angeusoma? Nikamsimulia kijana wa Walikale aliyenirekebisha kitenzi. Alisema ataufunga ndani ya bomba lake lisiloingia maji, chini ya kamba. Nikamwambia kwenye bariere chini ya kamba ndiko wanakoanzia. Uso wake ukawa mwekundu. Alisema wameweka akiba miaka mingi kwa safari hii na mchoro ndio safari yenyewe.

Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, "Mchoro ukishuka, mimi sishuki."

Henrik aligeuka kwa Papa Kasereka, ambaye alikuwa amekaa kwenye usukani muda wote akijifanya anasafisha meno. Alimwomba awashe gari. Papa Kasereka alizungusha ufunguo nusu, akausikiliza, akautoa.

"Inakataa," alisema.

Henrik aliuliza ina tatizo gani.

"Inaogopa karatasi."

Niliitafsiri kama ilivyokuwa. Henrik, ambaye nadhani alijua magari kuliko sisi, alifungua mlango, akautazama ufunguo mkononi mwa mzee, akaufunga mlango tena. Marta ndiye aliyeinuka. Alichukua bomba, akaniambia nimpeleke kwa yule mama.

Mama Riziki alikuwa jikoni, sufuria motoni. Marta alikunjua mchoro mkekani. Nilidhani atauchana amalize, lakini alianza kumwonyesha: hapa mdomo, hapa kona, hapa unainama. Mama Riziki hakuwahi kuona ramani maishani, ila pango alilijua kwa magoti, na dakika chache tu zikatosha, kidole chake kikawa kinatangulia kile cha Marta. Walifika kwenye chumba kipana, mahali penye mistari kama nywele. Mama Riziki aliweka kiganja chote hapo.

"Hapa njo tunalazaga watoto. Hakuna baridi."

Nilipomtafsiria, Marta alishika mkono wake na kuuondoa kwenye karatasi, kama vile watoto walikuwa humo tayari. Alisema paa la chumba kile limepasuka. Kuna jiwe kubwa linalokaa kwa bahati tu. Jana alitupitisha pembeni kwa sababu hiyo. Alimwonyesha mahali pengine, upande wa madumu, palipo pembamba na baridi lakini paa lake ni zima. Mama Riziki aliuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama mtu anayejaribu kumnasa mwongo. Marta alijibu mara tatu, jibu lilelile.

Kisha Mama Riziki aliukunja mchoro mara nne, akausukuma chini ya sufuria. Wino mzito ndio uliochelewa kuungua.

Bariere tulifika mchana. Walitoa kila kitu: kamba, kofia, soksi zote. Mkuu wao alifungua bomba, akalitazama ndani kwa jicho moja, akalitikisa. Aliuliza walikwenda kufanya nini kilimani. Kabla sijasema, Henrik alijibu mwenyewe kwa Kiswahili alichokuwa anajifunza: "Popo. Kuona popo."

"Umetoka Ulaya kuona popo?"

"Ndiyo."

Mkuu aliwageukia wenzake, akasema sasa anaelewa kwa nini wazungu wanazaa watoto wachache. Tukafunguliwa njia.

Henrik hakunisemesha mpaka tulipofika Sake. Nami nilitumia miaka kumshuku. Mtu aliyepima kona zote zile kwa dira anaweza kukaa mezani kwake na kuchora tena kwa kichwa. Nilimwuliza kwa barua, akajibu kwamba hapana. Nilimwamini siku nilizolala vizuri.

Vita vilipanda kilima kile baada ya mvua za masika. Njia ilifungwa muda mrefu, na jibini lililoshuka lilikuwa kama ugali. Ilipofunguliwa tena nilikwenda na Papa Kasereka kununua maharage, na sokoni nikamkuta Mama Riziki amekaa nyuma ya kapu. Nilimsalimu. Aliniuliza habari za nyumbani, nami za kwake. Kisha alisema, akipepeta maharage, bila kuniangalia:

"Ile jiwe ilianguka. Siku yetu ya pili mule ndani. Tulisikia kilima yote inaruka."

"Na watoto?"

"Walikuwa upande wa madumu. Wanalia baridi." Alipepeta tena. "Nikawaambia walie tu."

Nilimwandikia Marta siku hiyohiyo. Ni barua pekee ya kazi yangu ambayo sikuifikiria mara mbili.

Baada ya hapo wageni wengine waliandika, wakiuliza mapango ya Masisi. Niliwajibu kwamba njia ni mbaya, hata miezi ambayo njia ilikuwa nzuri na kidole cha Papa Kasereka kilikuwa kimekataliwa na kila gurudumu. Alijua. Aliendelea kunilipa kwa kazi ya dukani na hakuuliza. Hivyo ndivyo nilivyoacha kazi ya mapango.

Sasa ninyi. Mna simu zinazochora ramani zenyewe mkitembea, na wageni wenu wanazo bora zaidi. Pimeni jibini, geuzeni gari, na mkifika kijiji kisichouliza kitu, tafuteni nani analima shamba lisilo na magugu, mkae naye kwanza. Najua pia kwamba kati yenu yupo ambaye ameshaweka alama mahali nilipotaja, na wiki ijayo atapanda huko na taa yake. Siwalaumu, ila siwaamini pia. Vita havijaisha na mikeka ile haijakunjuliwa mara ya mwisho. Kwa hiyo mwende Burungu kwa amani. Ni watu wazuri, watawakaribisha. Mtatafuta kilima chote mpaka jioni na hamtapata kitu, kwa sababu nilipoandika Burungu, sikuandika jina la kweli.